Mgeni ni Nani? Mazao, Mifugo na Chakula cha Kila Siku katika Historia ya Kilosa na Mikumi

Utangulizi

Katika mashauri ya ardhi wilayani Kilosa, ni maneno machache yanayotamkwa kwa wepesi na kuleta madhara makubwa kama neno "mgeni". Mkulima humwita mfugaji mgeni kwa sababu ng'ombe hutembea na shamba halitembei. Mfugaji hujibu kwamba babu yake alizaliwa na kuzikwa katika wilaya hiyo hiyo, tena kabla wengi wa wanaomwita mgeni hawajafika kutoka Songea, Iringa au Kigoma. Tarehe 8 Desemba 2000, baada ya mvutano uliohusu kukamatwa kwa mifugo, watu 38 wa jamii ya wakulima waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni. Tangu hapo ng'ombe anayekutwa ndani ya shamba la mahindi wilayani humo si suala la mazao yaliyoliwa tu.

Insha hii haichambui tukio hilo, ambalo wanazuoni wa migogoro ya ardhi wamekwisha kuliandikia. Inachambua kigezo kinachotumiwa kulieleza, yaani madai kwamba haki ya ardhi ni ya aliyetangulia kufika. Ikiwa kigezo hicho kitachukuliwa kwa uzito wake, basi hakiwezi kuishia kwa watu. Ni lazima kiulizwe pia kwa vile watu hao wanavyovilima, wanavyovifuga na wanavyovila. Majibu mengine yanachekesha, nami sioni sababu ya kuyaficha. Hata hivyo, hoja inayojengwa hapa ni ya dhati: karibu kila kilichomo katika sufuria ya Kilosa ni kigeni, na zao lililochukua ardhi nyingi na nzuri kuliko yote ni lile ambalo hakuna mtu wala mnyama anayelitegemea kwa chakula.

Kilichokuwepo na kilichokuja

Wasagara, Wakaguru na Wavidunda, ambao ndio jamii za kale za milima na mabonde ya eneo hili, walikuwa wakulima wa nafaka ndogo. Mtama ni zao la Afrika kwa asili. Ulianza kulimwa mashariki mwa Sudani ya leo. Uwele ulitoka Afrika Magharibi, ukingoni mwa Sahara. Ulezi ni wa nyanda za juu za Afrika Mashariki na Ethiopia. Kunde na njugu mawe nazo ni za bara hili. Nafaka hizi zilikuwa na sifa moja ambayo mahindi hayajawahi kuwa nayo: zilivumilia ukame. Ulezi ulizidi hapo, kwa kuwa punje zake ni ndogo mno kwa fukusi na ukikaushwa vizuri huweza kukaa ghalani kwa miaka kadhaa. Mwenye ghala la ulezi alikuwa na akiba ya chakula, mbegu na pombe ya matambiko kwa pamoja.

Mahindi yana historia nyingine. Yalianza kulimwa kusini mwa Meksiko takriban miaka 9,000 iliyopita, na kufika kwake katika pwani ya Afrika Mashariki kunahusishwa na Wareno kuanzia karne ya 16. Lakini Waswahili hawakuyaita kwa jina la Wareno wala la Meksiko. Waliyapa jina linaloelekeza Bara Hindi, nchi ya ng'ambo waliyoizoea zaidi. Jambo hili si la Waswahili peke yao. Waitalia waliyaita nafaka ya Kituruki, na Waturuki wenyewe wakayaita kwa jina la Misri. Kila taifa lilimsingizia jirani yake, na hakuna hata moja lililomtaja mwenye mali.

Muhogo, karanga, viazi vitamu, nyanya, pilipili, tumbaku na maharage vyote vilitoka Amerika. Hapa tunaweza kuitazama sahani ya makande, chakula ambacho Mtanzania aliyesoma shule ya bweni hahitaji kuelezwa. Mahindi na maharage yake yamekutana tena Afrika baada ya kusafiri, maana kule Meksiko yalikuwa yakilimwa pamoja na kuliwa pamoja tangu kale. Mpunga unaolimwa katika skimu za mabondeni kama Mwega, katika kata ya Malolo, ni wa Asia. Ndizi za milima ya Vidunda ni za Asia ya Kusini-Mashariki. Maembe, ufuta na mbaazi ni vya Bara Hindi. Vitunguu vinavyouzwa kando ya barabara ya Iringa vina asili ya Asia ya Kati.

Kwa upande wa mifugo, anayedhaniwa kuwa mwenyeji kuliko wote ndiye mgeni wa mbali kuliko wote. Kuku wa kienyeji, ambaye hata jina lake limepewa uenyeji, anatokana na kuku mwitu wa Asia ya Kusini-Mashariki. Mbuzi alifugwa kwanza Asia ya Magharibi. Kati ya wanyama wa nyumbani, Mwafrika halisi ni punda, na pamoja naye kanga. Ng'ombe ana asili mchanganyiko: nundu ya ng'ombe wetu inatoka kwa jamii ya zebu wa bonde la Indus, waliochanganyika na ng'ombe wa Afrika waliotangulia. Ufugaji wenyewe ulikuwepo kaskazini mwa Kenya takriban miaka 5,000 iliyopita, na kaskazini mwa Tanzania takriban miaka 3,000 iliyopita. Kwa maneno mengine, ng'ombe alikuwa Afrika Mashariki maelfu ya miaka kabla ya punje ya kwanza ya mahindi. Hoja hii haimpi mfugaji yeyote hati ya kulisha mbuga ya Mkata. Inaonyesha tu kwamba anayelinda mahindi yake dhidi ya ng'ombe kwa hoja ya nani alitangulia amechagua silaha inayomgeukia mwenyewe.

Wafugaji wa Kiparakuyo, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliwaita Wakwavi, wamekuwa jirani za Wakaguru na Wagogo tangu karne hiyo, baada ya kusambaratishwa na vita vya ndani miongoni mwa jamii za wafugaji wazungumzao Kimaa. T. O. Beidelman, aliyefanya utafiti Ukaguru mwishoni mwa miaka ya 1950, aliwakuta wakiwa sehemu ya maisha ya wilaya hiyo. Ni kweli kwamba wako wafugaji waliofika karne moja baadaye. Kuwaita wote kwa jina moja ni kosa la kihistoria, kama ambavyo ni kosa kumwita mjukuu wa kibarua wa mkonge aliyetoka Songea mwenyeji wa kale wa Usagara.

Njia ya misafara

Bonde la Mkondoa lilikuwa mlango. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe na Ujiji ilivuka mbuga ya Mkata, ikafuata bonde hilo na kupanda milima kuelekea Mpwapwa na Ugogo. Richard Burton na John Speke walipita mwaka 1857. Henry Morton Stanley alipita katika masika ya mwaka 1871, akaikuta Mkata imegeuka ziwa la matope. Katika maandishi ya Burton, mtama ndio unaoonekana kuwa nafaka kuu ya bara, na mahindi yakiwapo pamoja nao. Wapagazi walilipwa chakula chao kwa kibaba cha nafaka kwa siku, na malipo hayo yaliitwa posho. Neno hili tutalirudia.

Msafara mkubwa ulikuwa mji unaotembea, na kila kijiji kilichokuwa kando ya njia kililazimika kuwa na ziada ya kuuza. Hiyo ni sababu mojawapo ya kutozikubali picha za wakulima wa eneo hili kama watu waliojilimia wao tu mpaka Mzungu alipowafundisha soko. Walikuwa na soko, na wateja wao walikuwa na njaa kila siku.

Kilichokosekana ni mnyama wa kubeba mizigo, na aliyemzuia ni mbung'o. Punda na maksai walikufa njiani kwa ugonjwa wa nagana. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1870 mmisionari Roger Price alijaribu kutumia magari ya maksai kutoka Sadani kwenda Mpwapwa. Jaribio hilo liliishia katika mizoga. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aligharimia mpango wa ajabu zaidi: ndovu wanne waliofunzwa kazi walisafirishwa kutoka Bombay, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, wakaongozwa kwenda Mpwapwa na zaidi ya hapo. Ndovu wa kwanza alifia Mpwapwa, na ni mmoja tu aliyefika Karema katika Ziwa Tanganyika. Hivyo, katika nchi iliyojaa tembo, ndovu waliletwa kwa meli.

Miaka michache baadaye hali ilibadilika kwa njia mbaya zaidi. Usagara ilikuwa miongoni mwa nchi ambazo Carl Peters alidai kuzipata kwa mikataba ya mwishoni mwa 1884. Sotoka iliingia mnamo 1890 na 1891, ikaua sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki pamoja na nyati na nyumbu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 viliwafikia Wavidunda na majirani zao, na mbinu ya Wajerumani ya kuchoma mashamba na maghala ilileta njaa. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977, alidai kwamba upungufu huo wa watu na ng'ombe ndio uliouachia msitu, wanyamapori na mbung'o nafasi ya kuenea. Wapo waliompinga kwa kudai kwamba alikuza uwezo wa jamii za kabla ya ukoloni. Kwa Mkata na Mikumi naona hoja yake inabaki na nguvu: pori tunalolionyesha watalii kama asili isiyoguswa linaweza kuwa, kwa sehemu, kaburi la mashamba na malisho.

Zao lisiloliwa

Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 na Dodoma mwaka 1910, ikipita Kilosa katikati ya miaka hiyo. Pamoja nayo yalikuja mashamba makubwa. Kwanza ilikuwa pamba, ambayo viwanda vya Ujerumani viliitaka ili visitegemee Marekani. Lakini zao lililoshinda lilikuwa mkonge.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikiwa na asili ya Yucatán nchini Meksiko. Iliyosalimika ni 62. Kutokana na miche hiyo michache iliyopandwa karibu na Pangani kilikua kilimo ambacho kufikia 1964 kiliipa nchi yetu takriban tani 230,000 za nyuzi kwa mwaka. Kimamba, Rudewa, Msowero na maeneo mengine ya Kilosa yalifunikwa na mistari ya mkonge. Zao hili ni la upotevu wa kushangaza: nyuzi hazifiki hata asilimia 5 ya uzito wa jani, na kilichobaki hutupwa. Zaidi ya hayo, halipandwi kwenye ardhi mbaya pekee kama inavyosemwa mara kwa mara. Mashamba yalihitaji reli, maji ya kuchakatia na tambarare, na hivyo ndivyo vilivyokuwa katika ardhi bora ya wilaya.

Mkonge ulihitaji watu. Manamba waliletwa kutoka Songea, Iringa, Mbeya, Kigoma na hata Burundi. Kuanzia 1944 uandikishaji wao ulisimamiwa na chombo cha wenye mashamba kilichoitwa SILABU. Kibarua alifanya kazi kwa kipande cha siku 30, na sehemu ya ujira wake ilikuwa posho. Tofauti na posho ya misafara, hii ilikuwa ya aina moja kwa watu wote: unga wa mahindi. Mngoni, Muha na Mbena, ambao makwao walikuwa na vyakula tofauti, walipikiwa ugali ule ule. Naamini hapa ndipo mahindi yalipopata ushindi wao mkubwa Kilosa, katika stoo za posho kuliko katika mashamba ya vijijini. Nchini Uganda, ambako historia ya kulisha vibarua, askari na wanafunzi inafanana na hii, ugali wenyewe unaitwa posho hadi leo. Kwetu neno hilo limepanda cheo, na sasa linatajwa zaidi katika vikao vya waheshimiwa.

Jambo jingine lililosaidia mahindi ni ndege. Punje za mtama na uwele ziko wazi, na kwelea kwelea huweza kumaliza shamba kwa siku chache. Hindi limefungwa ndani ya maganda yake. Kazi ya kufukuza ndege ilikuwa ya watoto. Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Wote ulipotekelezwa mwaka 1977, watoto hao waliingia darasani, na mtama ukabaki bila walinzi. Sijaona mwanahistoria yeyote akiilaumu shule kwa njaa, wala mimi siilaumu. Lakini mabadiliko hayo yaliwaweka watu wa maeneo makavu mikononi mwa zao lisilovumilia ukame.

Matokeo yake yalionekana mapema. Ukame wa 1973 na 1974, uliokutana na operesheni ya kuhamishia watu vijijini, uliilazimisha Serikali kuagiza nafaka kutoka nje na kutangaza kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Unga wa mahindi ya njano kutoka Marekani ulipewa na wananchi jina la "Yanga", kwa rangi ya jezi ya klabu hiyo, na waliokuwa mashabiki wa Simba waliula vilevile. Mahindi ya njano yana vitamini A ambayo meupe hayana, lakini kwa Mtanzania wa wakati ule yalikuwa chakula cha msaada na cha aibu.

Mkonge nao ulianguka. Nyuzi za plastiki zilishusha bei, mashamba mengi yalitaifishwa mwaka 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji wa nchi ulikuwa chini ya moja ya kumi ya ule wa 1964. Kilosa ilibaki na mashamba makubwa yaliyogeuka vichaka huku hati zake zikiendelea kuwa hai. Vibarua wa zamani na watoto wao hawakurudi makwao. Walitafuta ardhi ya kulima pembezoni. Wafugaji nao walitafuta malisho na maji pale pale. Katika miaka ya 2010 Serikali ilifuta hati za baadhi ya mashamba yaliyotelekezwa mkoani Morogoro, hatua iliyochelewa kwa takriban kizazi kizima.

Mikumi, tembo na miwa

Mikumi imepewa jina na mti. Mkumi, ambao pwani huitwa mvumo, ni mti wa jamii ya mnazi. Matunda yake huliwa na watu na tembo, na tembo ndiye anayesambaza mbegu zake kwa kinyesi. Hifadhi ya Taifa iliyotangazwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 1975 ina kilomita za mraba 3,230, na sehemu kubwa ya mbuga ya Mkata imo ndani yake. Tembo hasomi mipaka hiyo. Vijijini, shamba la mahindi lililokaribia kukomaa huweza kuliwa usiku mmoja. Mojawapo ya njia zinazotumika katika vijiji vinavyopakana na hifadhi nchini ni uzio wa kamba zilizopakwa oili chafu na pilipili ya kusaga. Kwa hiyo zao moja la Amerika linalindwa kwa jingine dhidi ya mnyama ambaye, hapana shaka, ndiye mwenyeji.

Kusini, kuelekea Kidodi na Ruaha Mkuu, mandhari ni ya miwa, mmea uliotoka kisiwa cha New Guinea. Kiwanda cha Msolwa kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na cha Ruembe, kilicho upande wa Kilosa, kikafuata katika miaka ya 1970. Baada ya ubinafsishaji wa 1998 wakulima wadogo wengi waligeuza mashamba yao ya mpunga na mahindi kuwa ya miwa. Fedha ilipatikana, na nyumba za bati ni ushahidi wake, lakini chakula kikawa cha kununua, na malipo ya miwa huja kwa msimu ilhali tumbo hudai kila siku.

Mbegu, zizi na sheria

Kituo cha utafiti cha Ilonga, kilomita chache kutoka Kilosa mjini, kilianza mwaka 1943 kwa ajili ya pamba na baadaye kikahamia nafaka na mikunde. Majina ya mbegu zilizotoka katika mfumo huo wa utafiti yanasomeka kama orodha ya matarajio ya taifa: mahindi ya Staha, Kilima na Kito, mtama wa Tegemeo, kunde za Tumaini na Fahari, choroko za Nuru na Imara, mbaazi za Mali na Komboa. Mbaazi ina kisa chake. Ilitoka Bara Hindi, na India ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu. Mwaka 2017 nchi hiyo ilipoweka ukomo wa uagizaji, bei nchini Tanzania iliporomoka kiasi kwamba wapo walioona afadhali kuziacha shambani.

Upande wa zizi, mabadiliko ni makubwa kuliko lugha ya mashauri inavyokiri. Chakula kikuu cha mfugaji wa leo ni ugali. Huuza mbuzi au dume ili anunue unga, na loshoro ya Wamaasai na Waarusha ni mahindi ndani ya maziwa ya mgando. Kaya nyingi za wafugaji sasa zinalima. Wapo wakulima wenye ng'ombe. Mfugaji anakula kile ambacho ng'ombe wake anashitakiwa kukila, na mkulima anasubiri mnada wa mifugo ili apate kitoweo cha sikukuu.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, iliyopitishwa mwaka mmoja kabla ya mauaji ya Rudewa Mbuyuni, haikuuliza nani alitangulia. Iliuliza ni ardhi ipi ambayo wanakijiji walikuwa wakiitumia mfululizo katika miaka 12 iliyotangulia kutungwa kwake, na katika matumizi hayo ikataja wazi ardhi iliyopumzishwa, malisho ya ng'ombe, na njia za watu na wanyama za kuyafikia. Miaka 12 kabla ya 1999 inaturudisha 1987. Mwaka huo, katika sehemu za Kilosa zenye rutuba na maji, malisho na vishamba vya mahindi vilikuwa vikikutana ndani ya mashamba ya mkonge yaliyokufa, juu ya ardhi iliyokuwa chini ya hati za watu wengine na ambayo kwa sababu hiyo haikuhesabiwa kuwa ya kijiji chochote.